Mtoto Angali Wodini: Somo kwa Familia Zinazotaka Kuasili Mtoto Mchanga



Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 2, tunasoma habari za binti Farao aliyemkuta mtoto kandokando ya mto. Mahubiri mengi huishia pale alipookolewa. Lakini tukiangalia utaratibu uliofuata, jambo la kwanza lilikuwa kumtafuta wa kumnyonyesha, naye akalipwa ujira kwa kazi hiyo. Mtoto alihesabiwa kuwa mwana wa binti Farao, akapewa na jina, baadaye alipokwisha kukua. Mimi niliugeuza utaratibu huo, na ndiyo sababu ya somo hili.

Miaka michache iliyopita wanandoa wa mtaa mmoja karibu na Matai, waliokaa muda mrefu bila kupata mtoto, walinijia ofisini. Kulikuwa na mama aliyefariki baada ya kujifungua kabla ya wakati. Mtoto, wa kike, alizaliwa na kilo 1.7 akalazwa hospitali. Baba yake hakujulikana alipo. Bibi, mzee na mgonjwa, alisema hana nguvu ya kumlea. Wanandoa wale walikuwa tayari. Nikawaambia, kwa nia njema kabisa, wasubiri nyumbani mpaka barua ya ustawi wa jamii itoke, ili jambo liende kisheria. Barua ilichukua siku 9. Siku hizo zote mtoto alilala kwenye mashine ya joto akihudumiwa na wauguzi wenye wodi nzima mikononi mwao. Tulipofika alikuwa amepungua hadi kilo 1.5. Muuguzi wa zamu akamtazama yule mama akasema, "Dada, mlikuwa wapi siku zote? Huyu hana wa kumbeba." Sikuwa na jibu.

Kosa langu lilikuwa kuchanganya mambo mawili. Kumchukua mtoto ni jambo la sheria, na haliwezi kufanyika bila serikali. Kumhudumia mtoto akiwa wodini, kwa ridhaa ya ndugu na ruhusa ya hospitali, ustawi wa jamii wakiwa na taarifa, si kumchukua. Jambo hili la pili linaweza kuanza leo.

Kumbeba kifuani

Baridi, kukosa chakula na maambukizi ni hatari kubwa kwa mtoto njiti. Sisi wa Ufipa tunaijua baridi ya mwezi wa 6 na wa 7. Mtu mzima hujifunika blanketi mbili, sembuse mwenye kilo moja na nusu. Tangu mwaka 1978 madaktari wa Bogotá nchini Kolombia, waliokuwa na upungufu wa mashine, walianza kuwaweka watoto hawa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi. Leo tunaiita huduma ya mama kangaruu. Mtoto huvuliwa nguo zote isipokuwa nepi, kofia na soksi, akawekwa wima katikati ya matiti, kisha hufungwa kwa kitenge. Shirika la Afya Duniani linashauri afungwe hivyo angalau saa 8 kwa siku, na zaidi kadiri inavyowezekana.

Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania. Watoto wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8, waliobebwa hivyo mara baada ya kuzaliwa, walipungukiwa vifo kwa robo wakilinganishwa na wale waliosubiri kwanza hali yao itulie. Jambo linalotuhusu ni hili: pale ambapo mama hakuweza, ndugu aliyechaguliwa alibeba badala yake. Kifua si lazima kiwe cha aliyezaa. Kinaweza kuwa cha bibi, cha shangazi, hata cha baba. Nimemwona mzee wa kanisa mmoja amefungwa kitenge wodini na hakuona haya hata kidogo.

Yule mama wa Matai alianza kubeba siku ileile. Usiku akilala, mumewe alipokea.

Maziwa

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji, ambayo vijijini kwetu hutolewa kwa huruma, hayamfai mtoto mchanga. La kwanza ni kuuliza kama yupo ndugu anayenyonyesha na aliye tayari. Apimwe virusi vya UKIMWI kabla ya kuanza. Mwanamke aliyewahi kunyonyesha anaweza hata kurudisha maziwa kwa kumweka mtoto kwenye titi mara kwa mara, ingawa yataka subira na msaada wa muuguzi. Ikishindikana, hutumika maziwa ya kopo ya watoto wachanga, yaliyopimwa kama muuguzi alivyoelekeza, bila kuyapunguza ili kopo lidumu. Chombo ni kikombe kidogo kisafi; chupa huosheka kwa shida. Mtoto mdogo hulishwa mara 8 au zaidi kwa siku, na usiku umo.

Ikiwa mama mzazi alikuwa na virusi, mtoto hupewa dawa ya kinga tangu kuzaliwa na hupimwa akiwa na wiki 4 hadi 6. Ulizeni jambo hili waziwazi. Familia haina sababu ya kumkimbia mtoto huyo, ila inahitaji kujua.

Karatasi

Wakati mmoja wa wanandoa amebeba, mwingine afuatilie karatasi. Mtoto aliyeokotwa lazima taarifa zake zifike polisi na kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya, ili ndugu watafutwe. Aliyefiwa na mama ana ndugu, na ridhaa yao iandikwe. Afisa huyo ndiye anayeweza kumkabidhi mtoto kwa malezi ya kambo, ambayo ni ya muda. Kuasili ni hatua nyingine. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, maombi hupelekwa Mahakama Kuu, ambayo kwa mkoa wetu ipo Sumbawanga. Mwombaji awe na umri wa angalau miaka 25 na amzidi mtoto kwa angalau miaka 21, na mtoto awe amekaa kwake mfululizo kwa muda unaotakiwa na sheria. Sheria inakataza kulipa au kulipwa kwa ajili ya kuasili. Yeyote anayewaomba "chochote" ili mtoto atoke, mripotini.

Msidharau hatua hii. Mtoto wetu alipokuwa na miezi 5, mnene na mwenye kelele, alitokea mtu aliyejitambulisha kuwa baba yake mdogo, akimdai. Kama tungekuwa na maneno ya mdomo tu, sijui ingekuwaje. Lakini palikuwa na ridhaa ya bibi na barua ya malezi ya kambo. Ustawi wa jamii wakaita pande zote mbili, wakakaa siku nzima. Mtoto alibaki. Baba mdogo huyo sasa huja kumwona wakati wa mavuno, na huleta maharage.

Neno kwa wafadhili

Tunapokea nguo nyingi za watoto, na tunashukuru. Lakini kilichokuwa kikipungua wodini ni nauli ya takriban kilomita 50 kutoka Matai hadi Sumbawanga, chakula cha mama mlezi kwa wiki kadhaa, na mtu wa kupalilia shamba lake akiwa hayupo. Wanandoa wale waliuza debe kwa debe akiba yao ya mahindi ili akae hospitali. Binti Farao alilipa ujira. Ningependa kila usharika uwe na mfuko mdogo kwa kazi hiyo.

Maswali ya kujadili katika kamati: Je, katika mtaa wetu nani anaweza kwenda wodini kesho asubuhi akiitwa? Shamba lake atalitunza nani? Je, tunamfahamu Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya yetu kwa sura na kwa namba ya simu, au tutaanza kumtafuta mtoto akiwa tayari amezaliwa?