Umejuaje? Kumfundisha Mtoto Kusoma na Kujenga Hoja

Kwa walimu wa Darasa la Kwanza hadi la Nne na wazazi, Mkoa wa Singida

Mwaka 2015 masomo ya Darasa la Kwanza na la Pili yalipangwa upya nchini kote ili mtoto apate kwanza stadi za KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Walimu wengi wanakijua kipimo cha kusoma maneno 50 kwa dakika kwa Darasa la Pili. Kasi ina maana yake, kwani mtoto anayehangaika na silabi hufika mwisho wa sentensi akiwa amesahau mwanzo. Lakini wapo wanaosoma ukurasa mzima bila kukwama, na ukiwauliza kimetokea nini, wananyamaza. Hao hawajajua kusoma bado.

Chukua habari fupi kama hii, uiandike ubaoni:

Ilikuwa mwezi wa Julai. Mama alitazama juu. Akakimbia uani, akaikusanya alizeti aliyokuwa ameianika.

Uliza: kwa nini mama alikimbia? Wengi watajibu, "Mvua inakuja." Usiseme ndiyo wala siyo. Uliza, "Umejuaje?" Mtoto arudi ubaoni, aguse maneno yaliyompa jibu: alitazama juu, akakimbia. Hapo mwingine atanyoosha kidole: "Mwalimu, Julai huku kwetu ni kiangazi. Labda ameona ndege." Huyo naye aulizwe amejuaje. Wa kwanza ana ushahidi wa maandishi. Wa pili ameongeza anachokijua kuhusu Singida, na neno Julai limo ubaoni. Waache wabishane kwa heshima, kila mmoja akianza na "Nasema hivi kwa sababu..." Anayebadili mawazo baada ya kusikia sababu nzuri apongezwe, asichekwe.

Darasa la Tatu na la Nne waandike mabishano hayo: sentensi moja ya msimamo, mbili za sababu, na moja ya kumjibu asiyekubali. Wakizoea hivyo, insha ya hoja na mdahalo wa sekondari havitawatisha.

Kuhusu lugha

Watoto wengi wa mkoa huu huanza shule wakiwa wamezoea Kinyaturu au Kinyiramba nyumbani. Katika Wilaya ya Mkalama wapo pia wanaozungumza Kihadza. Mtoto kama huyo akinyamaza darasani, mara nyingi si ujinga. Kama mwalimu au mwenzake anaijua lugha yake, aeleze kwanza kwa lugha hiyo alichokielewa, kisha asaidiwe kukisema kwa Kiswahili. Kumwadhibu kwa sababu ya lugha ya mama yake kunamfunga mdomo, na mtoto aliyefungwa mdomo hawezi kujifunza kutoa hoja.

Mzazi usiyejua kusoma, kazi hii unaiweza. Jioni mwambie mwanao akusomee, kisha umuulize: nani alifanya nini, kwa nini, na umejuaje? Akijibu kwa sababu, msikilize hadi amalize, hata kama hukubaliani naye. Na kwenye kikao cha wazazi na walimu (UWAWA), usiishie kuuliza mtoto amekuwa wa ngapi. Omba asome mbele yako, kisha aeleze alichosoma.