Somo la 41: Kutafuta maziwa ya kufanyia fromaji

Watoto wangu, tazameni kitu hiki nilichoweka mezani. Ni cha mviringo, rangi yake ni manjano, na ngozi yake ni ngumu kidogo. Nikikikata kwa kisu, ndani mwaona nyama laini yenye vitundu vichache. Ni fromaji. Vitabu vingi huiita jibini, lakini sisi huku Kongo twasema fromaji. Hii imetoka Masisi.

Mtu akitoka Goma kwenda Sake, na kutoka Sake akipanda milima, afika nchi ya baridi na ya majani mengi. Huko ng'ombe hulisha juu ya milima mikali hata mgeni ajiuliza kwa nini hawaanguki. Wachungaji wa zamani walijua kufanya mashanza na siagi. Fromaji hawakuijua, kazi hiyo ililetwa na wamisionari wa Ulaya katika karne ya 20, na wenyeji wakaishika vizuri hata leo fromaji ya Masisi yajulikana mbali. Katika vita vya miaka ya 1990 makundi mengi yaliibwa na kuchinjwa, na fromaji ikawa haba. Baadaye watu walinunua ng'ombe tena, wakaanza upya.

Twaweza kufanya fromaji hata nyumbani. Sufuria tunayo, chumvi tunayo, kitambaa tunacho. Neno gumu ni maziwa. Ili kupata kilo moja ya fromaji yahitaji litri kumi za maziwa, au karibu. Na fromaji haifichi kitu: ubaya wote uliokuwa ndani ya litri kumi wakusanyika ndani ya ile kilo moja.

Hayo sikuyasoma tu. Yalinipata.

Misioni yetu iko chini, karibu na ziwa, mahali pa joto. Siku moja nilitaka kufanya fromaji tatu kwa ajili ya sikukuu. Nilikuwa na haraka. Kijana mmoja alipita barabarani na pikipiki yake, na bidoni za manjano zimefungwa nyuma. Nilimsimamisha. Maziwa yalikuwa meupe, mazuri ya kutazama, na bei yake ndogo. Nilinunua litri 30 bila kuuliza neno. Sikuuliza yamekamwa lini, wala bidoni ile ilibeba nini jana. Wala sikuyapasha moto, kwa maana nilitaka kuwahi sala ya jioni.

Kesho yake asubuhi nilifungua mlango wa chumba. Fromaji zangu tatu zilikuwa zimevimba kama mandazi. Nilipokata moja, ndani ilikuwa vitundu vitupu kama sponji, na harufu yake ilikuwa ya zizi. Mpishi alisimama nyuma yangu, akaziba pua, asiseme kitu. Tulichimba shimo bustanini, tukazika litri 30 za maziwa na fedha za watu.

Sababu yake ni nini? Katika maziwa machafu mna vijidudu viitwavyo mikrobi, vidogo hata jicho halivioni. Vingine hutoka katika mavi ya ng'ombe, vikaingia kwa mkono usionawa au kwa bidoni isiyosuguliwa. Hivyo hutoa hewa ndani ya fromaji, nayo huvimba. Na katika joto, mikrobi mmoja hugawanyika kuwa wawili kwa muda wa nusu saa hivi. Fanyeni hesabu: mmoja aingie katika maziwa saa kumi na mbili asubuhi. Baada ya nusu saa ni wawili, baada ya saa nzima ni wanne. Ikifika saa tano ni 1,024. Na katika tone la maji machafu haingii mmoja, waingia maelfu.

Basi nilianza kutafuta maziwa kama mtu atafutavyo fundi. Niliuliza kwanza mama wanaouza mashanza sokoni, maana hao wajua nani ana ng'ombe na nani ana maneno matupu. Nilimwuliza na mganga wa ng'ombe anayepita na sindano zake. Wote wawili walinitajia mzee mmoja anayekaa mlimani, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Alikuwa na ng'ombe saba tu. Nilifurahi, kwa sababu mwenye ng'ombe saba anamjua kila mmoja kwa jina na kwa tabia.

Nilikwenda gizani, nikafika kabla jua halijatoka. Mtu akitaka kujua maziwa, na aende saa ya kukama.

"Hodi, Mzee!"

"Karibu, Furere. Umeamka mapema kama mtu mwenye deni."

"Natafuta maziwa, Mzee. Litri kumi kila Jumamosi."

"Barabarani maziwa yapo."

"Ya barabarani yalinishinda."

Mzee alicheka. Akamwita mjukuu wake alete maji, nami nikafikiri atanawa yeye. Lakini alininawisha mimi kwanza! "Ukitaka kugusa ng'ombe wangu," akasema. Tangu neno lile nilianza kutulia.

Nikatazama. Ndama aliletwa anyonye kidogo, ili mama yake ashushe maziwa, kisha akafungwa kando. Mzee aliosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, akakikausha kwa kitambaa. Maziwa ya kwanza ya kila chuchu hakuyatia chomboni. Aliyakamulia juu ya kitambaa cheusi, akayaangalia karibu na moto. Ikiwa juu ya kitambaa yaonekana mabonge au damu, kiwele kina ugonjwa, na maziwa yake hayafai. Siku ile yalikuwa safi.

Mke wake alileta chombo cha mti, cheusi kwa moshi. Mwajua desturi hii: chombo husafishwa, kisha hufukizwa moshi wa majani makavu, na mashanza hupata harufu nzuri. Nilimwomba mama atie maziwa yangu katika bidoni ya alumini niliyokuja nayo. Hakupenda.

"Chombo changu ni kichafu, Furere?"

"Hapana, Mama. Ni safi kuliko changu. Lakini moshi wazuia maziwa kuchacha upesi, na mimi nataka yachache kidogo. Tena fromaji yangu itanuka moto."

Alifikiri, akakubali, lakini bidoni yangu aliinusa ndani kabla ya kutia maziwa. Alikuwa na haki.

Kisha nilimwuliza mzee maulizo yangu. Ng'ombe gani wamezaa karibuni? Kwa maana maziwa ya siku za kwanza baada ya kuzaa, ndiyo danga, ni chakula cha ndama. Hayagandi vizuri kuwa fromaji. Je, yuko aliyepigwa sindano? Dawa kama penisilini hupita katika maziwa, nayo huua hata vijidudu vyema vinavyochachusha fromaji. Yafaa kungoja siku zote zilizoandikwa juu ya dawa. Yuko anayekohoa? Mzee alijibu moja moja, pasipo haraka. Mwishoni nikauliza kama yuko aliyeharibu mimba.

Mzee alinyamaza. Akageuka, akaonyesha ng'ombe mmoja mkubwa, mwekundu, mwenye doa jeupe pajani. Ndiye aliyekuwa na maziwa mengi kuliko wote.

"Yule. Mwezi uliopita. Maziwa yake usichukue. Sisi wenyewe twayachemsha sana, tena hatuuzi."

Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia mganga wa ng'ombe habari ile, na mimi nisingaliijua kamwe. Angaliweza kunyamaza, akajaza bidoni yangu, akapokea fedha. Siku ile nilirudi na litri sita tu badala ya kumi. Nilimlipa bei aliyotaka, nayo ilikuwa kubwa kupita ile ya barabarani. Mganga alikuja juma lililofuata kumpima ng'ombe mwekundu.

Kwa nini niliuliza habari ya mimba? Kuna ugonjwa wa ng'ombe uitwao bruseloze. Ng'ombe aliye nao mara nyingi huharibu mimba, kisha huonekana mzima, ala, anona, atoa maziwa. Mtu akiyanywa mabichi aweza kupata homa inayokwenda na kurudi miezi mingi, na jasho la usiku, na maumivu ya viungo. Mara nyingi hudhaniwa ni malaria. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita katika maziwa mabichi. Watoto, najua wachungaji wengine hunywa maziwa yakiwa bado na joto la kiwele, na huwacheka wanaochemsha. Waacheni wacheke. Ninyi chemsheni.

Maziwa yakipatikana, hayajafika bado. Nilichuja yangu kwa kitambaa safi, nikafunga bidoni kwa gunia lililoloweshwa maji, nikashuka kwa njia ya kivulini. Maji ya gunia yakikauka hupoza bidoni. Ukipita kijito, simama, uitie bidoni majini kidogo. Maziwa hutoka katika kiwele yana joto kama la mwili wako wakati wa homa. Kazi yako ni kuyapoza upesi.

Nyumbani niliyajaribu. Kwanza nilinusa. Kisha nilichemsha kidogo ndani ya kijiko: yakikatika kwa moto, yamekwisha kuchacha, yapeleke kwenye mashanza. Halafu niliyapima maji. Litri moja ya maziwa mazuri ina uzito wa gramu 1,030 hivi, lakini litri ya maji ina gramu 1,000. Kwa hiyo kuna kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa. Mtu akiongeza maji, kipimo chazama zaidi. Lakini mwizi mwerevu aondoa mafuta ya juu kwanza, nayo ni mepesi, kisha aongeza maji, na kipimo chasema kila kitu ni sawa! Ndiyo maana sikuanza na kipimo. Nilianza na mzee.

Sasa habari ya moto. Mtaalamu Louis Pasteur wa Ufaransa, katika miaka ya 1860, alionyesha kwamba divai ikipashwa moto wa kadiri haiharibiki upesi. Baadaye watu walifanya vile vile kwa maziwa. Yapashe mpaka digrii 63, uyashike hapo nusu saa, ukikoroga. Mikrobi wa magonjwa tuliyoyataja hufa. Kule milimani wengi hufanya fromaji kwa maziwa mabichi, wakaiacha ikomae majuma mengi. Kukomaa hupunguza hatari, hakuiondoi yote. Nyumbani, penye watoto na mama wajawazito, pasha moto. Lakini usiyachemshe mpaka yapande: maziwa yaliyochemka sana hukataa kuganda vizuri kwa dawa.

Mengine ni mepesi. Yapoze mpaka digrii 32 au 35. Tia vijiko viwili vya mashanza safi, yaliyofanywa kwa maziwa yaliyochemshwa. Tia dawa ya kugandisha iitwayo prezuri, kwa kadiri iliyoandikwa juu ya chupa. Dawa hiyo ya asili hutoka katika tumbo la nne la ndama anyonyaye. Ngoja muda wa saa moja. Kata mgando kwa kisu kirefu, koroga polepole, mimina ndani ya kitambaa, kamua maji, kandamiza chini ya jiwe, kisha uitie katika maji ya chumvi usiku mmoja. Maji ya maziwa yaliyobaki usiyamwage, nguruwe wayapenda.

Asiye na prezuri asihuzunike. Maziwa yakiwa ya moto, karibu ya kuchemka, atie maji ya ndimu kidogo kidogo mpaka yakatike, achuje, atie chumvi. Ni fromaji nyeupe, laini, ya kuliwa siku ile ile. Haikai, lakini yafaa sana pamoja na viazi.

Zile litri sita za mzee zilinipa fromaji moja, ndogo, kama gramu 600. Ilikaa ubaoni wiki nne, nami niliigeuza kila siku. Haikuvimba. Tulipoikata nilimpelekea mzee nusu yake. Aliitafuna muda mrefu, akasema yeye bado apenda mashanza.

Maulizo
1. Kwa nini fromaji tatu za kwanza zilivimba?
2. Mzee alifanya nini na maziwa ya kwanza ya kila chuchu?
3. Kwa nini Furere alirudi na litri sita tu?
4. Mikrobi mmoja akigawanyika kila nusu saa, watakuwa wangapi baada ya saa sita? Andika hesabu yako.
5. Kwa nini kipimo cha kioo hakitoshi kumjua mwizi?

Kazi ya nyumbani: Uliza nyumbani ni nani anayekama ng'ombe au mbuzi karibu nanyi. Omba ruhusa, uende saa ya kukama. Nawa mikono kwanza. Kesho utueleze ulichokiona.