SOMO LA KOMPYUTA: Kuhamia Diski Kubwa Bila Kupoteza Kumbukumbu

Katika vikundi vingi vya akiba, shule na maduka ya kaunti yetu, kuna kompyuta moja iliyobeba mambo ya watu wengi. Ndani yake mna michango ya wanachama, alama za wanafunzi, risiti na picha za miaka mingi. Diski ikijaa, kompyuta huanza kujikokota, na ushauri wa kwanza huwa, "Nunueni nyingine." Si lazima. Ikiwa sehemu zingine ni nzima, unaweza kununua diski kubwa zaidi na kuhamishia humo kila kitu jinsi kilivyo. Somo hili linaeleza namna ya kufanya hivyo, na jinsi ya kuepuka kosa moja linaloweza kufuta kumbukumbu zote.

Kunakili diski nzima ni nini?

Ukinakili faili kwenye flashi, unachukua barua na picha tu. Windows yenyewe, programu zako na sehemu iliyofichika inayowasha kompyuta hubaki nyuma. Kunakili diski nzima huchukua vyote. Ukimaliza, diski mpya huwaka kama ile ya zamani, na mweka hazina hukuta daftari lake pale alipoliacha.

Kabla ya kuanza

Sikiliza diski ya zamani. Ikiwa inagonga au inakwaruza, au kompyuta inaganda kila mara, huenda inakufa. Zima na umtafute fundi mwenye ujuzi wa kuokoa data, kwani kila saa ya kuitumia inaweza kuwa ya mwisho.

Ikiwa ni nzima, tayarisha yafuatayo:

- Diski mpya isiyo ndogo kuliko ya zamani, ya aina inayoingia kwenye kompyuta yako. Kompyuta za zamani zinazotumia mpangilio wa MBR haziwezi kutumia zaidi ya TB 2 za diski moja.
- Kebo ya kuunganisha diski mpya kupitia USB.
- Flashi yenye programu ya kunakili. Clonezilla ni mojawapo, na haina malipo.
- Nakala ya faili muhimu mahali pengine, kama vile kwenye flashi ya pili. Usiruke hatua hii.

Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, andika ufunguo wake wa tarakimu 48, kisha uzime ulinzi huo na usubiri umalize kufunguka.

Hatua za kufuata

1. Zima Windows kabisa. Shikilia kitufe cha Shift unapochagua kuzima, la sivyo Windows inaweza kulala nusu na programu ikakataa kunakili.
2. Unganisha diski mpya, chomeka flashi, na uwashe kompyuta kupitia flashi hiyo.
3. Chagua njia ya kunakili diski kwa diski.
4. Chagua diski inayosomwa, yaani ya zamani, kisha diski inayoandikwa, yaani mpya.
5. Soma onyo, hakikisha, ndipo ukubali.

Hatua ya 4 ndiyo yenye hatari. Ukigeuza mwelekeo, programu itachukua utupu wa diski mpya na kuuandika juu ya kumbukumbu za miaka yote. Usitegemee majina kama sda na sdb, kwa sababu hutegemea jinsi kompyuta ilivyozitambua diski siku hiyo. Tazama ukubwa na namba ya modeli. Kabla ya kuanza, andika kwenye karatasi: "Ya zamani, GB 500, mpya, TB 1." Mwite mwenzako asome skrini na karatasi hiyo pamoja nawe. Ikiwa diski zote mbili zina ukubwa mmoja, usiendelee hadi uzitofautishe kwa modeli.

Kazi huchukua muda. GB 300 za data, kwa mwendo wa MB 100 kwa sekunde, humalizika kwa dakika 50 hivi. Kupitia tundu la zamani la USB 2.0, linalopitisha takriban MB 30 kwa sekunde, subiri karibu saa tatu nzima. Tumia laptopu yenye betri nzuri au kifaa cha kuhifadhi umeme. Umeme ukipotea katikati, usiogope: diski ya zamani ilikuwa ikisomwa tu. Anza upya.

Baada ya kunakili

Zima kompyuta, toa diski ya zamani, weka mpya, kisha uwashe. Usiwashe zote mbili zikiwa zimeunganishwa. Zina kitambulisho kimoja, na Windows inaweza kuzichanganya.

Usishangae ukiona ukubwa ni uleule wa awali. Mara nyingi nafasi ya ziada hubaki bila kugawiwa. Iongeze kupitia Disk Management ndani ya Windows. Ikiwa sehemu nyingine ndogo imekaa katikati na kuzuia, programu ya GParted inaweza kuisogeza.

Kisha jaribu. Fungua daftari la michango, picha ya zamani na programu ya uhasibu. Chapisha ukurasa mmoja.

Diski ya zamani

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Usiifute diski ya zamani siku hiyohiyo. Iandike tarehe na uifungie kabatini kwa angalau mwezi mmoja, huku mkitumia ile mpya kila siku.

Muda huo ukiisha, usiiuze wala kuitupa ikiwa na data. Kufuta faili kwa kawaida hakuondoi yaliyomo, na mtu mwenye programu ya kurejesha anaweza kuyasoma. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde. Namba za vitambulisho na simu za wanachama wenu ni taarifa za aina hiyo. Tumia programu inayoandika juu ya diski nzima, au mwambie fundi aiharibu ukiwa unatazama.

Kumbuka pia kwamba diski mpya nayo itazeeka. Endelea kuweka nakala ya pili ya kumbukumbu zenu, katika jengo tofauti.