Pikipiki Ikilala Texas: Maswali kwa Fundi

Nyumbani bodaboda hailali. Boxer huamka kabla ya adhana, hurudi usiku wa manane, na kesho yake ni hivyo hivyo. Hapa Texas pikipiki ya wengi wetu ni ya Jumamosi, na ikifika mwisho wa Novemba husukumwa pembeni hadi Machi. Kila masika naletewa pikipiki zilizokufa zikiwa zimesimama, na inaniuma, maana nyingi hazikuwa na ugonjwa wowote siku zilipoegeshwa. Haya ndiyo maswali ambayo ndugu zetu wa Arlington, Irving, Fort Worth na Houston huniuliza zaidi.

Fundi, Texas si Minnesota. Kweli kuna haja ya kuilaza pikipiki?

Baridi ya Minnesota huja ikakaa, na mwenye pikipiki anajua imekuja. Ya hapa hubisha hodi na kuondoka. Januari unaweza kula mchana nje ukiwa na fulana, jioni upepo wa kaskazini ukashuka, na asubuhi unakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Februari 2021 kipimajoto cha uwanja wa ndege wa Dallas–Fort Worth kilishuka hadi karibu nyuzi 19 chini ya sifuri. Houston, mji ambao watu huufananisha na Mombasa kwa joto, ilifika nyuzi 10 chini ya sifuri. Na Januari 21, 2025 theluji ilifunga viwanja vya ndege vya Houston.

Ushauri wangu ni huu. Kama unaweza kuitoa kila wiki mbili ukaiendesha nusu saa au zaidi, usiilaze. Kama unajua itakaa zaidi ya mwezi, ilaze kwa utaratibu. Zinazoharibika ni zile za katikati, ambazo haziendeshwi wala hazijalazwa. Siku barafu inapotangazwa, usijaribu kabisa. Februari 11, 2021, kwenye barabara ya I-35W mjini Fort Worth, zaidi ya magari 130 yaligongana asubuhi moja juu ya barafu na watu 6 wakafa. Hao walikuwa na magurudumu manne au zaidi.

Mimi huiwasha kila Jumapili baada ya kanisa, dakika tano hivi, kisha naizima. Inatosha?

Ndugu yangu, acha. Najua unafanya kwa upendo, lakini bora ungeiacha imezimwa. Petroli ikiungua hutoa maji. Injini ikipata moto sawasawa, maji hayo hutoka kama mvuke. Kwa dakika tano hayatoki. Yanapoa na kuwa matone ndani ya ekzosi na kushuka kwenye oili. Fungua kifuniko cha oili cha pikipiki iliyotunzwa hivyo, ukigeuze utazame chini yake. Utakuta utando mzito wa rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Ukiupitisha kidole unateleza kama mlenda. Hayo ni maji na oili yaliyokorogana, na ndiyo yanayozunguka kwenye beringi zako. Tena stata imekula umeme mwingi kwenye betri, na injini kuunguruma dakika tano tu huenda kusiurudishe wote.

Oili badilisha kabla ya kuilaza, si baada. Oili iliyotumika ina asidi, na miezi mitatu ni mingi kuiacha ilambe vyuma.

Petroli na betri nivifanyeje?

Petroli ya kawaida ya miji hii ina ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli hunywa unyevu. Jaza tangi mpaka karibu na shingo, usiache nafasi ya hewa inayoleta kutu. Tia dawa ya kuhifadhi mafuta kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha iendeshe kilomita kumi hivi ili dawa ifike mbele, isibaki tangini. Kama pikipiki yako ni ya kabureta, fanya zaidi: funga koki, weka kopo chini, legeza skrubu ya bakuli la kabureta na uache mafuta yatoke yote. Yakibaki yatakauka na kuwa ulimbo, na tundu la jeti ni jembamba mno. Nusu ya pikipiki zinazoletwa kwangu mwezi wa tatu hazihitaji spea, zinahitaji kabureta kuoshwa tu.

Betri ya asidi iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba betri iliyojaa haigandi kwa baridi yoyote tutakayoiona Texas, lakini iliyoisha ndani yake ni karibu maji matupu. Hiyo huganda na kupasuka. Tumia chaja ndogo inayojiwasha na kujizima yenyewe. Ya lithiamu ina chaja yake, usichanganye.

Naishi apatimenti Houston, sina gereji. Naiacha nje. Nifanye nini?

Adui yako ni unyevu kuliko baridi. Usiifunike kwa turubai la plastiki: asubuhi joto likipanda, ndani huwa kama chungu kilichofunikwa, na kutu huanzia kwenye boliti. Nunua kifuniko cha kitambaa kinachopitisha hewa. Osha pikipiki, ikaushe kabisa, paka cheni mafuta. Ekzosi iliyopoa izibe kwa kitambaa, kwa sababu nyigu wa matope hupenda kujenga humo, na funga utepe mwekundu kwenye mpini ili usisahau kukitoa. Betri ingoe, ilaze ndani mahali penye hewa. Usiogope kuiweka sakafuni. Ile hadithi ya zege kunyonya umeme ni ya enzi za betri zenye kasha la mbao na mpira.

Tairi zipime upepo mara kwa mara. Kila nyuzi 5 au 6 za joto zinaposhuka, unapoteza karibu psi moja.

Radieta yangu niliongeza maji ya bomba, kama tulivyozoea nyumbani. Kuna shida?

Kubwa. Maji yakiganda hutanuka na kupasua chuma. Yamwage, weka kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu. Ifanye wiki hii.

Mimi nina gereji ya nyumba. Kuna la kuangalia?

Angalia kwanza kama hita ya maji ya gesi iko humo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na unahitaji cheche moja tu. Tangi linalovuja lisilale chumba kimoja na moto.

La pili ni zito zaidi. Februari 2021, zaidi ya nyumba na biashara milioni 4 za Texas zilipokosa umeme, watu walitafuta joto popote. Wapo walioacha gari likiunguruma ndani ya gereji, na wapo walioingiza jenereta au jiko la mkaa ndani. Kaunti ya Harris, ambamo Houston imo, na kwingineko, hewa ya kaboni monoksaidi iliua. Haina rangi wala harufu, na mlango wa gereji uliofunguliwa nusu hauitoi yote. Pikipiki nayo hutoa hewa hiyo hiyo. Ukitaka kuiwasha, hata kwa kuijaribu tu, isukume mpaka nje kwanza. Na nunua king'ora cha kaboni monoksaidi cha kuweka karibu na vyumba vya kulala, kiwe cha betri, ili kifanye kazi hata umeme ukikatika.