KWANZA KIBALI, HALAFU BUNDUKI



Mahindi yakianza kubeba, mkulima wa Handeni na Korogwe halali. Mchana anafukuza nyani, usiku anafukuza nguruwe. Kundi la nguruwe likiingia shambani usiku mmoja tu, kazi ya msimu imekwisha. Hapo ndipo mtu huanza kuwaza bunduki.

Tuchukue mfano. Kijana ametoka kijijini, amekuja Manundu kuuza mahindi kidogo yaliyobaki. Nyuma ya soko mtu anamnong'oneza: analo gobole, bei ya kutupa. Kijana anakwenda kwanza kwa mjomba wake.

— Shikamoo, mjomba.

— Marahaba, mjomba. Habari za shamba?

— Nguruwe wamelimaliza. Nimepata mtu anauza gobole, nataka kulinunua.

— Lina karatasi?

— Karatasi gani tena? Si la kienyeji tu!

— Mjomba, hebu kaa chini kwanza.

Mjomba alifanya vizuri kumkalisha chini. Tujifunze kwa nini.

Sheria inasemaje?

Zamani tulikuwa na Sheria ya Silaha ya mwaka 1991. Mwaka 2015 Bunge lilitunga sheria mpya, yaani Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, na ile ya 1991 ikafutwa. Sheria hii haibagui bunduki ya dukani na gobole la mhunzi. Zote ni silaha. Kuwa nayo bila leseni ni kosa. Kuwa na risasi bila leseni ni kosa. Kutengeneza gobole bila leseni nako ni kosa.

Tena si kosa dogo. Kesi ya kukutwa na silaha bila kibali huendeshwa kama kesi ya uhujumu uchumi. Sheria ya uhujumu uchumi ilirekebishwa mwaka 2016, kifungo kikawa kuanzia miaka 20 hadi 30. Basi pima mwenyewe: gunia la mahindi upande mmoja, miaka 20 upande wa pili. Mtoto uliyemwacha mgongoni utamkuta mtu mzima.

Njia ya halali

Anayetaka bunduki huanza na kibali. Bunduki huja baadaye. Njia yenyewe ni hii:

1. Anza nyumbani. Peleka ombi kwa serikali ya kijiji au ya mtaa. Hao ndio wanaokujua. Wanajua kama wewe ni mlevi, mgomvi, au mtu mtulivu.

2. Ombi hupanda kwenda kata, kisha polisi wa wilaya na kamati ya ulinzi na usalama, halafu mkoani, mpaka kwa msajili wa silaha katika Jeshi la Polisi.

3. Utaulizwa unaitakia nini. Polisi watapeleleza kama umewahi kufungwa, kama una akili timamu, na kama unajua kuitumia na kuitunza.

4. Ukikubaliwa, nunua kwa muuzaji mwenye leseni. Namba ya bunduki iandikwe katika leseni yako. Risasi nazo zina idadi yake.

Njia ni ndefu, na mwombaji anaweza kukataliwa. Lakini ndiyo njia.

Ukishaipata

Ifungie mahali salama, watoto wasiifikie. Usimwazime mtu, hata ndugu yako wa tumbo moja. Leseni ni ya jina lako peke yako. Ikipotea au ikiibwa, toa taarifa polisi mara moja. Leseni ikikaribia kwisha muda, ihuishe.

Kumbuka pia kwamba leseni ya bunduki si leseni ya kuwinda. Wanyama wa porini wana sheria yao, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Anayetaka kuwinda aombe kibali kingine.

Silaha ya marehemu

Hapa wengi wananaswa. Mzee amefariki, ameacha bunduki darini. Watoto wanasema, "Hii ni mali ya baba." Mali ni kweli, lakini leseni ilikuwa ya baba. Mrithi hawezi kukaa nayo kimya kimya. Aende akatoe taarifa polisi, na akiitaka aombe leseni yake mwenyewe.

Na kama ni gobole lisilokuwa na karatasi? Usilizike, usiliuze, wala usilibebe begani kupita nalo njiani. Mwone mtendaji au mwenyekiti wa kijiji, mtoe taarifa polisi, wao watawaelekeza namna ya kulikabidhi. Mwaka 2023, Septemba na Oktoba, Serikali ilitoa muda wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari. Muda ule umekwisha, lakini anayejipeleka mwenyewe si sawa na anayefumaniwa.

Na nguruwe je?

Mjomba alimwambia kijana: "Rudi, mkae majirani mlinde kwa zamu. Washeni moto, pigeni madebe. Mtendaji aandike barua bwana nyama aje." Kijana alirudi kijijini mikono mitupu. Lakini alirudi.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kwa nini ombi la bunduki huanzia kijijini?
2. Gobole la kienyeji na bunduki ya dukani zina tofauti gani mbele ya sheria?
3. Jirani yako amerithi bunduki ya baba yake. Utamshauri nini?
4. Kijijini kwenu mnalindaje mashamba bila bunduki?