Mikono ya Mhitimu: Namna ya Kutathmini Chuo cha Wateknolojia wa Upasuaji

Kabla daktari mpasuaji hajalifunga tumbo la mgonjwa, sauti mbili husikika katika chumba cha upasuaji zikihesabu pamoja: gozi, sindano, visu na koleo. Hesabu hiyo ililingana mwanzoni, na sasa inapaswa kulingana tena. Nchini Marekani, mmoja wa wahesabuji hao mara nyingi ni mteknolojia wa upasuaji, yaani mtaalamu aliyefunzwa chuoni kuandaa vifaa vilivyotakaswa, kumkabidhi mpasuaji chombo kabla hata hajakiomba, na kulinda usafi wa meza na majoho tangu mgonjwa anapoingia hadi anapotoka. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki kazi hiyo hiyo hufanywa na muuguzi wa chumba cha upasuaji. Jina la cheo hutofautiana. Hatari anayoizuia kwa mgonjwa ni ile ile.

Ukubwa wa hatari hiyo ulionekana wazi mwaka 2003, pale timu ya Atul Gawande ilipochapisha uchunguzi wa wagonjwa 54 wa jimbo la Massachusetts waliosahauliwa vitu mwilini. Vitu vilivyokutwa vilikuwa 61, vingi vikiwa gozi. Upasuaji wa dharura uliongeza uwezekano wa tukio hilo takriban mara tisa, na mabadiliko ya ghafla ya mpango wa upasuaji mara nne. Lakini lililopaswa kuwashtua wakufunzi ni jambo jingine: pale hesabu ilipofanyika, katika asilimia 88 ya matukio hesabu ya mwisho iliaminika kuwa sahihi. Karatasi ilisema gozi zote zimetimia, ilhali moja ilikuwa ndani ya mgonjwa.

Basi anayetathmini programu ya mafunzo ya kada hii hana budi kuanza na shaka ile ile. Mtaala unaweza kuandikwa vizuri, mahudhurio yakajazwa na alama zikapangwa, na bado mhitimu akawa hajui kusema kwa sauti, mbele ya bingwa mwenye haraka, kwamba gozi moja haionekani. Tathmini iishiayo kwenye karatasi hupima karatasi.

Marekani ina uzoefu mrefu katika jambo hili. Chama cha kitaaluma cha kada hiyo kiliundwa mwaka 1969, na leo hujulikana kama Association of Surgical Technologists. Programu za vyuo hupewa ithibati, hasa na chombo kiitwacho CAAHEP, na wahitimu hufanya mtihani wa kitaifa wa cheti wenye maswali 175, ambayo 150 kati yake ndiyo yanayohesabiwa. Kwa kawaida mwanafunzi wa programu isiyo na ithibati haruhusiwi kuufanya mtihani huo. Kwa sababu hiyo ithibati ndilo swali la kwanza ambalo mzazi au mwanafunzi hupaswa kuuliza kabla ya kulipa ada. Hata hivyo ni swali la kwanza tu. Ithibati husema kwamba chuo kimefikia kiwango cha chini; haisemi kimekipita kwa umbali gani, wala kama kimeendelea kukishika tangu wakaguzi walipoondoka.

Penye uzito zaidi ni daftari la mazoezi ya hospitalini. Mtaala wa msingi unaofuatwa na programu hizo hudai kila mwanafunzi ashiriki upasuaji usiopungua 120. Kati ya hizo, 30 ziwe za upasuaji wa jumla, naye ashike nafasi ya kwanza mezani katika 20 miongoni mwake. Zinazobaki 90 zitoke katika fani nyingine, kama vile mifupa, mfumo wa mkojo, macho, au uzazi na magonjwa ya wanawake, na nafasi ya kwanza ishikwe katika 60. Idadi hiyo ingekuwa rahisi kuichezea kama neno “nafasi ya kwanza” lisingefafanuliwa. Limefafanuliwa kwa majukumu matano, na yote matano lazima yatimizwe katika upasuaji huo mmoja: kuhakiki vifaa na mitambo inayohitajika; kupanga eneo lililotakaswa pamoja na vyombo na dawa zake; kuhesabu pamoja na muuguzi azungukaye chumbani, kabla ya kuanza na kabla ya jeraha kufungwa; kuwakabidhi wapasuaji vyombo; na kulinda utakaso, ikiwa ni pamoja na kutambua ulipovunjwa na kujua namna ya kuurekebisha. Likikosekana moja, mwanafunzi amehesabiwa nafasi ya pili. Na aliyesimama ukutani akitazama hahesabiwi chochote, hata kama alisimama kutwa nzima na miguu ikavimba.

Ufafanuzi huo ni chombo chema cha tathmini, nao unaweza kuazimwa na chuo chochote bila gharama. Mtathmini achukue madaftari ya wanafunzi kadhaa, asichaguliwe na mkuu wa idara, ayalinganishe na kitabu cha kumbukumbu za chumba cha upasuaji cha hospitali husika. Je, tarehe zinaoana? Je, wanafunzi watatu wameandika nafasi ya kwanza katika upasuaji mmoja wa ngiri? Je, sahihi ya msimamizi ilitiwa siku ile ile, au kurasa arobaini zilitiwa sahihi kwa kalamu moja katika juma la mwisho? Maswali haya yanaweza kuonekana ya kipolisi, lakini udanganyifu wa daftari si kosa dogo la kiofisi. Anayezoea kuandika alilolitenda nusu atakuja kuandika pia hesabu ya gozi aliyoifanya nusu.

Baada ya daftari huja takwimu za matokeo, na hapa ndipo wasomaji wengi hupotezwa. Chukua mfano wa kukokotoa tu. Chuo kimepokea wanafunzi 40. Waliohitimu ni 20. Waliosajiliwa kufanya mtihani wa cheti ni 10, na waliofaulu ni 9. Tangazo la chuo litasema, bila kusema uongo, kwamba ufaulu ni asilimia 90. Lakini kati ya wale 40 walioanza, waliopata cheti ni asilimia 22.5. Wengine wako wapi? Baadhi yao huenda walikosa ada, au walihama. Wengine pengine walizuiwa kufanya mtihani ili wasiharibu sura ya chuo.

Ni kwa sababu ya hila kama hiyo chombo kinachosimamia programu hizi Marekani hakikuridhika na kiwango cha ufaulu peke yake. Pamoja na ufaulu usiopungua asilimia 70, kimewahi kutaka wahitimu wote wafanye mtihani, angalau asilimia 70 ya wanaoanza wabakie hadi mwisho, na asilimia 80 ya wahitimu wapate ajira au waendelee na masomo. Kila takwimu humlinda msomaji dhidi ya nyingine. Anayesoma moja tu ameona ukuta mmoja wa nyumba.

Maoni ya wanafunzi nayo hukusanywa, na ni halali yakusanywe, ingawa yasipewe uzito kupita kiasi. Donald Kirkpatrick, aliyeandika kuhusu tathmini ya mafunzo mwaka 1959, alitenganisha mambo manne: mwanafunzi amependezwa vipi, amejifunza nini, amebadilisha nini kazini, na kazi yenyewe imepata matokeo gani. Vyuo hupenda kuishia kwenye la kwanza kwa kuwa ni rahisi. La tatu ndilo linaloihusu kada hii zaidi, nalo haliwezi kujulikana chuoni. Lazima mtu aende hospitalini miezi kadhaa baada ya mahafali, akamwulize muuguzi kiongozi: mhitimu wenu akigusa joho lisilotakaswa kwa bahati mbaya, husema au hunyamaza?

Swali hilo la kusema lina ushahidi nyuma yake, na sehemu ya ushahidi huo ilitoka Tanzania. Kati ya mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji katika hospitali nane za nchi mbalimbali, mojawapo ikiwa ya Ifakara. Katika hospitali zote kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha hiyo haina mtambo wala dawa. Humtaka mtu atamke kwa sauti, kabla mgonjwa hajatoka chumbani, kwamba hesabu ya vyombo, gozi na sindano imekamilika. Mhitimu asiyejengewa ujasiri wa kutamka “haijakamilika” ataitamka orodha kama kasuku. Kwa hiyo mtihani wa vitendo unaofaa ni ule ambao mkufunzi huficha gozi moja makusudi, humtaka mpasuaji wa kuigiza aharakishe, kisha hutazama mwanafunzi atafanya nini.

Mgonjwa naye ana nafasi yake. Kabla ya kupewa dawa ya usingizi atarajie kuulizwa jina lake, upasuaji anaofanyiwa na sehemu ya mwili. Asiudhike akiulizwa mara ya pili na ya tatu. Anaweza kuuliza ni nani atakayehesabu vifaa, na swali hilo si utovu wa adabu. Baada ya kurudi nyumbani, maumivu yasiyopungua, homa, usaha usiokoma au uvimbe mahali palipopasuliwa, hata miezi kadhaa baadaye, ni sababu ya kurejea hospitalini na kutaja upasuaji ule. Gozi nyingi za chumba cha upasuaji zimefumwa kwa uzi unaoonekana kwenye eksirei, na picha moja huweza kujibu kile ambacho hesabu ilikosea.