Hesabu ya Watu Chomboni

Muhula huu mwalimu wetu wa Jiografia alitupa kazi. Kila mmoja achague mtambo mmoja wa siku hizi, aeleze namna unavyofanya kazi, kisha aseme kama wafaa lolote kwa watu wa Rufiji na Kibiti. Wenzangu wengi walichagua trekta, pampu ya maji na mashine ya kukoboa mpunga. Mimi nilichagua mtambo ambao sijapata kuuona kwa macho yangu, nao ni ule wa kujiandikishia abiria wa meli kubwa za watalii. Bwenini walinicheka sana. Mmoja aliniuliza kama nataka kuuweka kwenye mtumbwi wa babu yake. Lakini nilikuwa na sababu yangu, na afadhali niitoe kwanza.

Kwetu ni katika visiwa vya delta, mahali pa mikoko na kamba. Nilipokuwa darasa la sita mjomba wangu alikwenda kuuza kamba wakavu, akatupigia simu kuwa atarudi kwa mashua ya alasiri. Jioni ile mashua ikapinduka mlangoni mwa mto. Wengine waliokolewa na wavuvi, wengine hawakuonekana. Mjomba hakuwamo miongoni mwa waliookolewa, na simu yake haikupatikana. Baba alikwenda kwa karani aliyekatisha tiketi. Karani akafungua daftari lake, na katika ukurasa wa siku ile palikuwa na tarakimu moja tu, 31, na jumla ya fedha kando yake. Hapakuwa na jina hata moja.

Usiku wa kwanza majirani walikuja na mchele. Usiku wa pili wanawake walianza kulia. Bibi peke yake alikataa mikeka ya matanga isitandikwe. Alisema, "Mwanangu simlii kwa kubahatisha." Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, mjomba alitokea akitembea ukingoni mwa maji, na mfuko begani. Mteja alimchelewesha malipo, mashua ikamwacha, na simu ikazimika kwa kukosa moto. Tulicheka na kulia pamoja. Nyumba ya pili hawakucheka. Wao walikaa siku kumi na moja wakijiuliza kama kijana wao alipanda chombo kile au la, mpaka alipopatikana. Tangu hapo neno "orodha ya abiria" si neno la kitabuni kwangu.

Basi sasa tutazame mtambo wenyewe.

Meli za watalii za siku hizi ni miji inayoelea. Ile iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Januari 2024, yaweza kuchukua abiria wapatao 7,600, mbali na mabaharia na watumishi. Meli nyingine za namna hiyo, ingawa ndogo kuliko hiyo, hufika Zanzibar na Dar es Salaam. Makarani wakiandika majina ya watu maelfu kwa mkono, meli haitang'oa nanga siku hiyo. Kwa hiyo kazi hiyo amepewa abiria mwenyewe. Angali nyumbani, hujaza katika simu au kompyuta jina lake, namba ya pasipoti, na jina la ndugu wa kuarifiwa likitokea jambo. Hupiga na picha ya uso wake. Afikapo bandarini hukuta mtambo umesimama kama kabati jembamba, wenye kioo kinachoguswa kwa kidole. Huweka pasipoti yake juu ya jicho la mtambo, nao huisoma. Kamera hulinganisha uso wake na picha ya pasipoti. Mambo yakipatana hupewa kadi, ama huikuta kadi hiyo chumbani mwake melini.

Kadi hiyo ndiyo roho ya mambo yote. Hufungua mlango wa chumba, na kila abiria apitapo ngazi ya meli, akishuka au akipanda, huionyesha na mashine huandika. Meli ikifika Zanzibar watu elfu mbili wakashuka kwenda kuona mashamba ya viungo, ofisa wa meli hahitaji kuzunguka akiita majina jioni. Hesabu ni ya kutoa tu: walioshuka, toa waliorudi. Wakibaki wawili, majina ya wawili hao yamo mbele yake pamoja na picha zao.

Mtambo wawezaje kusoma pasipoti bila kukosea? Hapa pana hesabu nzuri, na wale wasiopenda Hisabati nawaomba wavumilie kidogo. Chini ya ukurasa wenye picha pana mistari miwili, kila mmoja una herufi, tarakimu na alama 44. Baada ya namba ya pasipoti, na baada ya tarehe ya kuzaliwa na ile ya kwisha muda, huwekwa tarakimu moja ya kulinda. Kanuni yake ni hii: zidisha tarakimu ya kwanza kwa 7, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, kisha anza tena 7, 3, 1. Jumlisha yote, gawanya kwa 10, na baki ndiyo tarakimu ya kulinda.

Tuchukue mtu aliyezaliwa tarehe 12 Machi 2008. Pasipoti huandika mwaka kwanza, basi yawa 080312. Twapata 0, 24, 0, 21, 3 na 2. Jumla ni 50, na baki ni 0. Tuseme mtambo umeona vibaya, ukasoma 3 kuwa 8. Jumla yawa 85, na baki ni 5. Mtambo wajua mara moja kuwa umekosea, humwambia abiria aweke pasipoti upya. Kosa la tarakimu moja haliwezi kupita, maana 7, 3 na 1 hazina kigawo cha pamoja na 10 isipokuwa 1. Lakini kanuni hii ina tundu. Ukibadilishana nafasi za 3 na 8 zilizo jirani, mlinzi hulala usingizi: 38 katika nafasi mbili za kwanza hutoa 45, na 83 hutoa 65, zote huishia na 5. Ni hivyo kwa tarakimu zozote mbili jirani zinazopishana kwa 5. Niligundua jambo hili saa za usiku za kujisomea, nikafurahi kama niliyeokota shilingi.

Watu hawakuanza kuhesabu abiria kwa kupenda. Mkataba wa kwanza wa mataifa juu ya usalama wa roho baharini ulifanywa mwaka 1914, kwa sababu ya Titanic iliyozama mwaka 1912. Mwezi wa Machi 1987 meli ya kuvusha watu na magari, Herald of Free Enterprise, ilipinduka nje ya bandari ya Zeebrugge huko Ubelgiji, wakafa watu 193. Mwaka 1994 Estonia ilizama katika Bahari ya Baltiki, wakafa 852. Leo mkataba ule, kwa meli za abiria ziendazo nchi na nchi, waamuru kwamba watu wote wahesabiwe kabla chombo hakijaondoka, na kwamba habari zao ziwekwe pwani mahali ambapo waokoaji wataweza kuzipata. Neno hilo "pwani" nawaomba mlishike, nitalirudia.

Sisi nasi tunayo historia yetu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Cheti chake kiliiruhusu abiria 430. Orodha ilikuwa na watu 443 wa daraja la kwanza na la pili, lakini daraja la tatu, walikojaa watu wa kawaida, halikuwa na orodha. Waliokufa walikuwa zaidi ya 800. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa chombo cha watu wapatao 645 pamoja na mabaharia. Siku za mwanzo watu walitajiwa mamia, lakini tume ya uchunguzi ilipomaliza kazi yake ilisema waliokuwamo walizidi 2,400. Fikirini, idadi ya abiria ilikuja kujulikana baada ya chombo kuzama.

Kisha tarehe 20 Septemba 2018 ikawa MV Nyerere, karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria. Kivuko cha watu 100 hivi kiliwazamisha wengi, na waliokufa walikuwa 228. Hapo mashine ya tiketi ilikuwapo. Lakini mkata tiketi alikufa pamoja na abiria wake, na mashine iliyokuwa na hesabu ikapotea majini. Nilipoisoma habari hiyo niliweka kalamu chini. Mtambo mzuri ukiwa melini peke yake huzama na meli.

Linganisheni na Costa Concordia, meli ya watalii iliyogonga mwamba Italia tarehe 13 Januari 2012 ikiwa na watu zaidi ya 4,200. Walikufa 32. Majina ya waliokosekana yalijulikana, na kwa kuwa yalijulikana, utafutaji uliendelea mpaka wa mwisho alipopatikana mwezi wa Novemba 2014. Ndugu zake walijua tangu mwanzo kuwa wanamngoja nani.

Nilitaka kujaribu jambo hili mwenyewe, nikawaomba wanafunzi wa kidato cha kwanza wawe abiria na bwalo liwe meli. Jumamosi moja kila mmoja alipewa kipande cha karatasi kuwa tiketi, akakitia koponi mlangoni. Rafiki yangu alishika orodha ya majina akiweka alama. Mimi nilisimama ndani, nikahesabu vichwa vilipokwisha kukaa. Koponi mlikuwa na tiketi 62. Orodha ilikuwa na alama 60. Vichwa vilikuwa 64. Tulichunguza. Wawili walipita wakiwa wamekumbatiana kwa tiketi moja. Mmoja aliingia kwa mlango wa jikoni, anakojulikana na mpishi. Na wanne hawakuitwa hata kidogo kwa sababu rafiki yangu alikuwa akizungumza. Kama bwalo lingezama, tungetafuta watu 60 tukaacha wanne majini.

Kwa hiyo tiketi huhesabu fedha, orodha huhesabu majina, na macho huhesabu watu. Ule mtambo wa watalii umefanikiwa kwa kuwa hapiti mtu ngazi ya meli bila kadi. Ukiuweka kwenye gati ambako watu huruka kutoka kila upande, utakuwa kabati tu. Kadi za kulipia nauli kwenye mageti, kama N-Card kule kivuko cha Kigamboni, ni jambo jema, hupunguza foleni na fedha kupotea. Lakini kadi ya nauli haikukusudiwa kuita majina, na mtoto aliye mgongoni mwa mama hana kadi.

Tena liko jambo la vitambulisho. Mimi nina miaka 17, na kitambulisho cha taifa hupewa aliyetimiza 18. Pasipoti sina. Huo mtambo ungeniambia niweke nini juu ya jicho lake? Bibi yangu naye hutumia simu ya kubonyeza, na akibonyeza humwomba mjukuu. Najua wako watakaosema tungoje maendeleo. Sioni haja ya kungoja, maana yanayotakiwa na mkataba ule hayahitaji umeme. Daftari la kurasa 96 latosha, na karatasi ya kunakilia katikati: jina, kijiji, na namba ya simu ya aliyebaki nyumbani. Karatasi ya juu huenda na nahodha, ya chini hubaki pwani. Kazi hiyo, kwa abiria thelathini, niliipima kwa saa ya ukutani bwaloni. Ilichukua dakika kumi na nne, na hiyo ni pamoja na yule wa jikoni aliyejifanya amesahau jina lake.

Likizo iliyopita nilimweleza mjomba haya yote. Hakusema kitu. Kesho yake nilimkuta gatini kwa mwenye duka la chumvi na mafuta ya taa, amemnunulia daftari na kalamu, wanagombana juu ya safu ngapi zichorwe. Siku niliyorudi shuleni niliandikwa wa tisa. Juu yangu alikuwa dada mmoja wa kijiji cha jirani, na chini ya jina lake mwenye duka alikuwa ameongeza kwa mwandiko mdogo: "na mtoto mgongoni, miezi saba."